Kuandika Upya au Kunakili Upya? Maoni kuhusu Historia ya Maandishi katika Git

Miongoni mwa istilahi za taaluma ya tarakilishi zilizoingia katika mazungumzo yetu bila ya kubisha hodi, ipo moja ambayo kwa maoni yangu imewapotosha watu kuliko nyingine zote. Nayo ni kauli "kuandika upya historia". Watumiaji wa Git, programu ya kutunza matoleo ya maandishi, huitamka kila wanapotaka kusahihisha au kuondoa jambo lililokwisha kuhifadhiwa. Baadaye huduwaa: walichokifuta kimerudi, kila ingizo limejitokeza mara mbili, tarehe zimevurugika, na mwenzao hawezi tena kuwasilisha kazi yake. Hapo ndipo lawama zote hutupiwa mashine. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba kitendo kinachotajwa na kauli hiyo hakitendeki kamwe ndani ya Git, na kwamba aghalabu mtumiaji huwa amepotoshwa na jina kabla ya kushangazwa na programu. Majina ndiyo kazi yetu sisi tunaosoma lugha. Kwa hiyo suala hili haliwezi kuachiwa wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi peke yao.

Yamkini msomaji atauliza: mambo ya wahandisi wa programu yana uhusiano gani na jarida la chama cha Kiswahili? Jibu ni kwamba zana hii imekwisha kutufikia. Zamani mtafiti wa fasihi simulizi alirudi kutoka nyanjani akiwa na daftari na kanda za sauti. Leo anarudi na faili. Orodha za istilahi, kamusi za mtandaoni, matini zilizonukuliwa na tafsiri za programu hushughulikiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na lazima pawepo njia ya kujua nani alibadilisha nini. Mwaka wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, wengi wetu tuliona kwamba lugha yetu inaweza kuingia ndani ya tarakilishi. Mwaka wa 2008, Wakenya walipoiunda Ushahidi baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, programu hiyo iliachwa wazi ili yeyote aisome, ainakili na aiboreshe. Kazi za namna hii haziendeshwi bila ya kutunza matoleo. Anayetafsiri maneno mia tatu ya programu huria leo atakabidhiwa Git hata kama hakuiomba.

Kwanza nieleze asili yake kwa ufupi. Git iliundwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005. Kabla ya hapo, watunzi wa kiini cha Linux walikuwa wakiitumia programu ya kibiashara iitwayo BitKeeper, ambayo mmiliki wake alikuwa amewaruhusu kuitumia bila ya malipo. Ruhusa hiyo ilipoondolewa baada ya mzozo, Torvalds aliacha kazi nyingine kwa muda akaandika chombo chake mwenyewe, na kufikia tarehe 7 Aprili 2005 Git ilikuwa tayari inatunza matoleo yake yenyewe. Miezi michache baadaye usimamizi wake ulipita kwa Junio Hamano. Jambo la kukumbuka ni hili: chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya maelfu ya watu wasiofahamiana, ambao kila mmoja ana nakala kamili ya kazi yote tangu mwanzo. Ndani yake hamna daftari kuu ambalo likibadilishwa basi mengine yote yanabadilika. Kila nakala ni daftari kuu kwa mwenyewe.

Ili tuelewane, nitaita mkusanyiko mzima "hazina", na kila badiliko lililohifadhiwa pamoja na jina la mwandishi, tarehe na maelezo yake nitaliita "ingizo". Mstari wa maingizo yanayofuatana nitauita "tawi", kama wengi wanavyouita tayari.

Sasa tumtazame mkulima wa chai wa Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira. Anashuka na majani yake hadi kituo cha kupimia. Karani anapima, anaandika kilo za siku hiyo, kisha anaziongeza juu ya jumla ya mwezi. Mkulima anapewa risiti yenye tarakimu zote mbili: kilo za leo, na kilo tangu mwezi uanze. Tuseme tarehe 3 alileta kilo 18, tarehe 5 kilo 22, na tarehe 8 kilo 15. Risiti zake zitasoma jumla ya 18, kisha 40, kisha 55. Ikiwa karani ataamua baadaye kwamba zile 18 zilipaswa kuwa 16, hawezi kugusa mstari mmoja akauacha mwingine. Jumla ya tarehe 5 itakuwa 38, na ya tarehe 8 itakuwa 53. Badiliko moja la mwanzo limezilazimisha jumla zote zilizofuata kubadilika, ijapokuwa majani ya tarehe 5 na ya tarehe 8 hayakupungua hata jani moja. Aidha, risiti zimo nyumbani kwa mkulima, zimekunjwa na kufungiwa sandukuni. Mkono wa karani haufiki huko.

Git hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo, ila hesabu yake ni ngumu zaidi. Kila ingizo hupewa alama ya utambulisho, ambayo kwa kawaida ni mfululizo wa tarakimu na herufi 40. Alama hiyo hukokotolewa kutokana na maandishi yenyewe, jina la mwandishi, tarehe, maelezo, na (hapa ndipo penye kiini cha mambo) alama ya ingizo lililotangulia. Ukibadilisha nukta moja katika ingizo la tatu, alama yake inabadilika. Kwa kuwa alama hiyo ni sehemu ya ingizo la nne, la nne nalo linabadilika, na la tano, hadi la mwisho. Kusema kweli hata neno "kubadilika" si sahihi. Ingizo la zamani halikuguswa. Programu imeandika ingizo jipya linalofanana nalo, ikalipa alama mpya, ikaendelea kunakili yote yaliyofuata, kisha ikaliondoa jina la tawi kutoka kwenye mstari wa zamani na kulibandika kwenye mstari mpya. Mstari wa zamani ungalipo ndani ya mashine, ila hauna jina. Ukitumia kumbukumbu za ndani za Git unaweza kuufikia kwa siku 30 au zaidi kabla haujafagiliwa. Na katika tarakilishi za wenzako haukuondolewa jina wala kufagiliwa.

Mtu aliyeambiwa kwamba "ataandika upya historia" hatarajii haya hata kidogo. Anaiona historia kama ubao mmoja mbele ya darasa: ukifuta, umefuta, na wote wanaona. Ndiyo maana nasema vioja anavyovilalamikia si vioja. Turudi kituoni. Tuseme karani ameandika ukurasa mpya wenye kilo 16, 22 na 15, akauchana ule wa zamani. Siku ya pili kuna karani msaidizi, mtu mwaminifu asiyejua lililotendeka. Mkulima anamletea risiti zake. Msaidizi anatazama: risiti hii inasema jumla ni 40, na katika kitabu hamna mstari wenye jumla ya 40. Anahitimisha kwamba mstari huo ulisahauliwa, anauingiza. Anafanya vivyo hivyo kwa risiti zote. Sasa kitabu kina kilo 18 na kilo 16 za siku moja, na kilo 22 zimeandikwa mara mbili. Msaidizi hakukosea. Alifanya kile anachopaswa kufanya mtunza hesabu yeyote, yaani kuhakikisha kwamba kilichomo mikononi mwa watu kimo pia kitabuni. Git inapounganisha matawi mawili hufanya kazi ya msaidizi huyu, na huifanya vizuri mno.

Lau mambo yangekomea kwenye kilo za chai za kuwaziwa, nisingeandika makala haya. Lakini nimeyaona yakimgusa mtu. Kikundi cha wanafunzi, ambao niliwasaidia kupitia tahajia ya tafsiri zao, kilikuwa kikikusanya masimulizi ya wazee wa sehemu za Nyaramba, kwa Ekegusii na kwa tafsiri ya Kiswahili. Walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na nakala ya hazina katika kipakatalishi chake. Hazina yenyewe ilikuwa wazi mtandaoni. Miongoni mwa wasimulizi alikuwamo omong'ina mmoja aliyeanza kwa ngano na kuishia, kama wazee wafanyavyo wakipata msikilizaji mzuri, katika habari za maisha yake. Alisimulia jinsi shamba la marehemu mumewe lilivyogawanywa, nani alitoa ushahidi mbele ya wazee, na nani alisema uongo. Majina yote aliyataja. Baada ya wiki kadhaa jamaa yake aliyesoma masimulizi hayo kwenye simu alimfikishia habari. Akampigia simu mwanafunzi aliyemrekodi: "Mwanangu, yale ya shamba yaondoe. Watu wa mji huu wakiyasoma nitaishi na nani?"

Wanafunzi hawakupuuza. Walijua kwamba kuifuta faili kwa njia ya kawaida hakutoshi, kwani toleo la jana lingeweza kusomwa na yeyote. Mmoja wao alitumia amri za kuiondoa faili katika maingizo yote tangu siku ilipoingizwa, kisha akaupeleka mstari mpya mtandaoni kwa ile amri ya kusukuma kwa nguvu, ambayo hufunika kilichokuwapo. Wakakagua. Faili haikuonekana popote. Wakampigia mama yule wakamwambia kwamba imekwisha kufutwa.

Mwanafunzi wa nne alikuwa ameenda likizo mahali pasipo na mtandao wa kuaminika. Aliporudi aliivuta kazi ya wenzake, kama inavyopasa, kabla ya kuwasilisha yake. Git ikaona mistari miwili iliyoachana mahali fulani huko nyuma: mmoja wenye faili, mwingine usio nayo. Mahali walipoachana palikuwa kabla faili haijaingizwa. Kwa mtazamo wa programu, basi, hakuna aliyeifuta faili. Kuna upande mmoja ulioiongeza, na upande mwingine ambao haukuwahi kuwa nayo. Ikaiongeza. Maingizo mengine yote yaliyokuwa sawa katika pande zote mbili yakaunganika bila ya mgongano wowote, kila moja likionekana mara mbili katika orodha. Alipowasilisha, hazina ikapokea bila ya kulalamika, maana safari hii hapakuhitajika nguvu yoyote. Masimulizi ya shamba yalikaa mtandaoni siku kumi na moja kabla mtu hajatambua.

Ukimsikiliza aliyeendesha amri zile akieleza, utasikia jambo la kulifikiria. Hakusema kwamba hakuijua Git. Alisema: "Tulikuwa tumeshaiandika upya historia." Alitumia wakati timilifu, kana kwamba ni jambo lililotendeka mara moja, mahali pamoja, likaisha. Laiti angekuwa amefundishwa kusema "tumenakili upya tawi letu", swali la pili lingemjia lenyewe: na zile nakala nyingine ziko wapi, na nani anazo?

Sheria ya nchi inalifanya swali hili kuwa zito zaidi. Tangu mwaka wa 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, ambayo humruhusu mtu kuiondoa idhini aliyoitoa, na huweka masharti ya kufutwa kwa taarifa ambazo mtunzaji hana tena idhini ya kuwa nazo. Sheria haikuandikwa kwa kuwaza Git, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekwenda nyanjani na simu yake huenda hajiwazii kuwa mtunzaji wa data. Lakini ndiye. Anapomwambia msimulizi "imefutwa", anatoa ahadi ambayo chombo anachokitumia kimebuniwa makusudi ili isitimizike kwa urahisi. Hata huduma kubwa kama GitHub huwaonya watumiaji wake kwamba maingizo yaliyoondolewa tawini yanaweza kuendelea kufikiwa kwa alama zao, na kwamba nakala zilizochukuliwa na watu wengine haziguswi kabisa.

Isieleweke kwamba naulaumu ubunifu huu. Sifa iyo hiyo inayomsumbua mwenye kutaka kufuta ndiyo inayowalinda watu wengine wote dhidi ya mwenye kutaka kughushi. Historia ya Linux yenyewe ina kisa cha Novemba 2003, kabla ya Git kuwapo. Kiini cha Linux kilitunzwa katika BitKeeper, na nakala yake ikawekwa katika programu nyingine ya zamani, CVS, kwa ajili ya wasiotaka kuitumia BitKeeper. Mtu fulani aliipenya nakala hiyo na kuingiza mistari miwili iliyofanana na ukaguzi wa kawaida, kumbe ingempa mtumiaji yeyote mamlaka yote juu ya mashine. Hila hiyo iligunduliwa kwa sababu ingizo hilo halikuwa na mwenzake katika daftari la BitKeeper. Nakala mbili zililinganishwa, moja ikamsuta aliyeivuruga nyingine.

Na tusidhani kwamba hadithi hizi ni za ughaibuni tu. Mkenya aliyekuwa na umri wa kusoma magazeti mwaka wa 2010 atakumbuka sakata la Rasimu ya Katiba. Bunge lilikuwa limeipitisha rasimu hiyo tarehe 1 Aprili. Mwezi wa Mei, ilipochapishwa ili wananchi waisome kabla ya kura ya maoni, ilidhihirika kwamba katika baadhi ya nakala, kwenye kifungu kinachoeleza mipaka ya haki za kimsingi, palikuwa pameongezwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "usalama wa taifa". Bunge halikuwa limeyapitisha. Maneno mawili tu, lakini yangeipa serikali mlango wa kuzibana haki kwa kisingizio cha usalama. Uchunguzi ukaanzishwa, Mpiga Chapa wa Serikali akawa gumzo la mji, na nakala safi ndizo zilizopelekwa mbele ya wapigaji kura tarehe 4 Agosti. Katiba ikazinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 bila ya maneno yale.

Kisa hiki hunikaa rohoni kwa sababu kinaonyesha upande wa pili wa shilingi. Hapa palikuwa na mtu aliyetaka kwa hakika kuiandika upya historia ya matini, na mahali pake pa kazi palikuwa na sifa ya ule ubao wa darasani: mtambo mmoja wa kupiga chapa, ambao kilichotoka humo ndicho ambacho taifa lingekisoma. Kilichomwumbua ni kuwapo kwa matini iliyopitishwa na Bunge mikononi mwa watu wengine. Kama rasimu ile ingalitunzwa katika hazina yenye alama, hila isingalizuiwa, maana hakuna programu inayomzuia mtu kuchapa karatasi. Lakini kuitambua kusingalihitaji macho makali ya mtu aliyekuwa akisoma kifungu baada ya kifungu. Alama za matini mbili zingalitofautiana, na hilo lingetosha kupiga kengele.

Hapo nataka kuweka tahadhari moja, maana wapo wenzetu wanaoisifia Git kupita kiasi. Alama hulinda mfuatano na maandishi. Hailindi tarehe. Tarehe hutoka katika saa ya tarakilishi ya mtumiaji, na mwenye kutaka anaweza kuirudisha nyuma hadi mwaka aupendao. Zaidi ya hayo, kila ingizo lina tarehe mbili: ya aliyeandika na ya aliyehifadhi. Anayenakili upya tawi kwa amri iitwayo ribesi, yaani kulihamisha hadi shina jipya, huiacha ya kwanza kama ilivyokuwa na kuifanya ya pili iwe ya leo. Ndipo mtu huona ingizo la Januari likiwa limekaa juu ya la Machi akashika kichwa. Mambo haya ni madogo, nayapita.

Turejee kwenye lugha. Kiswahili kina kauli ya kutendua, nayo ni mojawapo ya vito vya sarufi yetu. Tunabandika na kubandua, tunatandika na kutandua, tunaanika na kuanua, tunakunja na kukunjua. Kila kitendo cha namna hii huacha kitu katika hali yake ya kwanza: nguo iliyoanuliwa haipo tena kambani. Lakini tazama kitenzi "andika". Katika matumizi yetu ya kila siku hakina mwenzake wa kutendua. Aliyeandika akitaka kurudi nyuma hulazimika kuazima vitenzi vingine: afute, akate, achane, abadilishe. Wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachorudisha karatasi ilivyokuwa. Sidai kwamba wazee wetu waliijua Git. Nasema tu kwamba lugha hii haituongopei kuhusu kuandika, na ni ajabu kwamba tumeiacha hekima yake tukaenda kutafsiri neno kwa neno kauli ya Kiingereza ambayo hata Waingereza wenyewe huwachanganya.

Mila yetu ya maandishi ingetupa neno bora zaidi. Tenzi za pwani zilitufikia kwa njia ya kunakiliwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki katikati ya miaka ya 1940, alinakili miswada mingi kwa mkono wake, mingine kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na baadhi yake imehifadhiwa London hadi leo. Mnakili wa aina yake akiona neno lisilomridhisha aliweza kulisahihisha katika nakala aliyokuwa akiiandika. Hakuna aliyedhani kwamba kwa kufanya hivyo nakala iliyokwisha kuvuka bahari imesahihishwa pia. Ndiyo maana mhakiki wa tenzi hukusanya miswada yote anayoweza kuipata, huilinganisha ubeti kwa ubeti, na haoni kioja inapohitilafiana. Mwanafunzi wa fasihi aliyepitia somo la uhakiki wa miswada ana maandalizi mema ya kuielewa Git kuliko anavyojidhania, iwapo tu ataelezwa kwa msamiati wa fani yake.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba istilahi ni makubaliano tu, na kwamba mtaalamu hahitaji jina lieleze kila kitu. Kwa mtaalamu nakubali. Lakini istilahi huundwa kwanza kwa ajili ya anayejifunza, na anayejifunza hana kitu kingine cha kushika isipokuwa jina. Tena hata wataalamu hawajasalimika. Mwezi wa Novemba 2013, katika mradi maarufu wa Jenkins, amri moja ya kusukuma kwa nguvu iliyotolewa kwa bahati mbaya ilifunika kazi katika hazina zaidi ya 150. Ziliokolewa kwa sababu mistari ya zamani ilikuwa ingalipo, jambo linalothibitisha kwa mara nyingine kwamba hakuna kilichokuwa kimeandikwa upya.

Wengine, hasa baadhi ya walimu wetu, wangependa amri hizi zipigwe marufuku kabisa: kila rasimu ibaki, kila kosa la tahajia lionekane milele. Siafikiani nao. Mwandishi ana haki ya kuichana karatasi yake kabla haijatoka mezani pake. Anayepanga upya maingizo yake kabla ya kuyawasilisha, akaunganisha matano ya kubahatisha yakawa moja lenye maelezo ya kueleweka, huwatendea wema watakaomsoma. Mpaka uko pale kazi inapotoka mikononi mwake ikachukuliwa na mwingine. Baada ya hapo kunakili upya tawi si kazi ya mtu mmoja. Ni mapatano, na mapatano huhitaji kila mwenye nakala aarifiwe, aitupe ya zamani, achukue mpya, na athibitishe kwamba amefanya hivyo. Wale wanafunzi wa Nyaramba walipofanya hivyo mara ya pili, wakiwa wote wanne wameketi chumba kimoja na vipakatalishi vyao wazi, kazi ilichukua muda usiozidi saa moja. Kisha waliandika kwa huduma inayoihifadhi hazina yao kuomba mabaki yafagiliwe. Na katika fomu ya idhini wanayompa msimulizi sasa pana sentensi isiyokuwapo awali, inayomweleza kwa lugha nyepesi kwamba yaliyokwisha kuwekwa wazi huenda yakabaki mikononi mwa watu wasiowajua, hata wao wakiyaondoa. Wasimulizi wawili walipoisomewa walikataa kurekodiwa habari za familia, wakatoa ngano peke yake.

Chama chetu kinapokusanya istilahi za tarakilishi kwa ajili ya orodha yake, napendekeza basi "kuandika upya historia" iachwe, na mahali pake paingie "kunakili upya tawi". Kwa amri ya kusukuma kwa nguvu napendekeza "kufunika tawi", maana kilichofunikwa kipo chini. "Kufuta" litengewe tukio ambalo kila nakala inayojulikana imeondolewa, na lisitumiwe kabla ya hapo, hasa mbele ya msimulizi. Mwenye maneno yanayofaa zaidi ayalete kwa mhariri kabla ya orodha kupelekwa kwa mpiga chapa.